Thiripi wa Majani ya Mbuzi

Mmenitaka nieleze jinsi spishi mpya ya thiripi inavyopatikana na kuandikwa, ninyi vijana mnaoingia maabara na simu zenye kamera nzuri kuliko hadubini niliyoanzia mimi. Nitaeleza. Ila lazima nianze na mbuzi, kwa sababu bila yule mbuzi ningestaafu nikiwa fundi wa vioo tu, na leo mngekuwa mnamsikiliza mtu mwingine.

Mbuzi alikuwa wa kaka yangu Elisante. Sisi ni Wachaga wa Kariakoo. Baba alishuka kutoka Kilimanjaro akafungua duka la jumla la vyombo, na Elisante ndiye aliyelirithi, masufuria mpaka darini. Mimi nilikataa kuuza sahani, nikaenda kuhesabu vinyweleo vya wadudu katika ofisi ya ukaguzi wa mimea, na familia mpaka leo haijaelewa nilikosewa nini utotoni. Binti wa Elisante alikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, siku ya Jumamosi. Sendofu ya kwetu bila ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa na kusimamishwa mbele ya wageni na majani mdomoni, ni kikao cha kawaida tu. Mbuzi aliletwa Jumatano akafungwa uani, nyuma ya duka, kati ya maboksi ya chupa za chai.

"Katafute majani," kaka akaniambia. "Wewe si ndiye mtu wa mimea."

Nikaenda pembeni ya viwanja vya Mnazi Mmoja, ambako mzee mmoja alikuwa akisimamisha baiskeli yenye mizigo ya majani mabichi. Nikanunua mzigo mmoja. Nilipofika uani, kabla sijampa mbuzi, nikachukua sahani nyeupe kutoka stoo ya kaka nikayakung'utia yale majani juu yake. Msiniulize kwa nini. Fundi cherehani akikusalimia anatazama mshono wa kola yako, na mimi nikiona majani nayakung'uta. Mbuzi alisubiri.

Wakaanguka wadudu wa kawaida, na thiripi mmoja. Kwa wale waliojiunga juzi: thiripi ni mdudu mwembamba wa milimita moja na kidogo, kama kipande cha uzi kilichodondoka kwenye mkasi. Mabawa yake ni vijiti viwili vyenye pindo la nywele. Anakwangua jani, ananyonya maji yake, anaacha madoa yanayong'aa. Wakulima wa vitunguu wanamjua na hawamtaji kwa upole. Kuna wengine hawali kitu ila majani ya jamii ya nyasi, na hao nilikuwa nimewabandika kwenye vioo kwa miaka thelathini na moja. Huyu alikuwa na mwili mweusi na vipapasio vya njano mpaka nusu, na kichwa kirefu kuliko haki yake. Sikuwahi kumwona. Nikamchota kwa ncha ya brashi, nikamtia kwenye kichupa cha spiriti ninachotembea nacho mkobani, mahali wenzangu wanapoweka manukato. Mbuzi akapewa yaliyobaki.

Sasa niwaambie kuhusu Mzee Salehe, kwa kuwa makosa yote yanayofuata aliyaona mapema. Ndiye aliyenifundisha kazi, fundi wa maabara wa zamani, mtu wa Magomeni, hajawahi kupandisha sauti mbele yangu. Mwezi wangu wa kwanza nilipiga chafya juu ya kioo, na thiripi wa wiki mbili wakaondoka kwa mara moja. Mzee Salehe hakunigombeza. Alinipa brashi aliyoinyoa mpaka ikabaki na unywele mmoja, akaniambia wako sakafuni, niwatafute. Nilipiga magoti mpaka saa ya chakula. Nilimpata mmoja. Tangu siku hiyo nikihisi chafya inakuja naondoka chumbani kabisa, na watu wa ofisini wamezoea kuniona nikikimbia bila maelezo.

Alinifundisha kwamba lebo ya ndani ya kichupa inaandikwa kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, na unabaki na mdudu mlevi asiye na anwani. Alinifundisha kumlaza thiripi kwenye kostiki soda iliyozimuliwa, kidogo tu, matumbo yaishe na ngozi ibaki. Ukisahau ukaenda kunywa chai, unarudi hakuna mtu. Kisha spiriti, kisha mafuta ya karafuu ili mwanga umpenye. Ndiyo sababu maabara yetu ilikuwa ikinukia pilau, na ikifika saa tano asubuhi kila mtu ana njaa na hajui kwa nini. Mwisho, tone la gundi ya utomvu wa msonobari na kifuniko cha kioo. Mabawa unayatandaza kwa sindano, vipapasio unavinyoosha, miguu unaiweka kila mmoja upande wake, na mkono wako hauruhusiwi kuwa na mawazo. Halafu kioo kinakaa kwenye oveni wiki kadhaa. Kwa unyevu wa Dar, ukikitoa mapema kinaota ukungu, na ukungu hauchagui mdudu wa kawaida na wa ajabu.

Lakini kitu alichokishikilia kuliko vyote ni lebo. "Mama, mdudu tunaye," alikuwa akiniambia. "Sasa niambie alikuwa wapi." Alisema ile lebo siyo yangu. Ni ya mtu ambaye hajazaliwa, atakayeisoma, avae viatu, aende mpaka pale, amtafute.

Haya. Ile Ijumaa, kesho yake sendofu, nimembandika thiripi wangu kwenye kioo, na simu inaita kila dakika kwa habari ya soda na viti. Nikachukua lebo nikaandika: Mnazi Mmoja, kwenye nyasi. Lebo ya kweli ingesema: kwenye mzigo wa majani ya mbuzi ulionunuliwa Mnazi Mmoja, yalikokatwa hakujulikani. Nilijua hivyo. Lakini lebo ni ndogo, na niliona aibu kuandika neno mbuzi kwenye kioo cha serikali. Mnazi Mmoja pana nyasi, nikajiambia. Nani atajali.

Aliyejali ni Dokta Rehema, mkuu wetu wa kitengo, ambaye kwa umri ni sawa na mwanangu wa kwanza. Alikiweka kioo chini ya hadubini na hakuinua kichwa muda mrefu. Nilikuwa napanga vichupa nikidhani simu yake ndiyo inamchelewesha.

"Mama Aika," akasema, "huyu simjui."

"Hata mimi."

"Wewe unawajua wote."

"Ndiyo maana nakwambia."

Alichukua wiki akilinganisha, akapiga picha, akawatumia wataalamu wa nje. Majibu yakarudi: haijaandikwa. Spishi mpya. Dokta akanieleza kinachohitajika: majike wengine, madume, na watoto, kwa sababu mdudu mzima anaweza kupeperushwa na upepo akatua popote, hata kwenye kola ya padri, lakini watoto hawana mabawa, na unapowakuta ndipo nyumbani. Akaniambia pia kwamba makala itakuwa na majina mawili, lake na langu.

Naomba mnielewe hapo. Nilikuwa nimebakiza miezi minane kustaafu. Vioo vyangu vimetumika kwenye makala za watu wengi, na jina langu limekaa mwishoni kabisa, kwenye shukrani, baada ya dereva. Mara moja waliniita Bwana. Nilikuwa nimejizoeza kusema sijali, na nilipoambiwa jina langu litakaa juu, kwenye kichwa cha makala, niligundua nilikuwa najali sana. Nilitamani kile kitu kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote cha kazini.

"Basi Jumatatu twende Mnazi Mmoja," Dokta akasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Sikufungua. Nilisema nitaenda peke yangu, yeye ana vikao.

Nilikung'uta nyasi za Mnazi Mmoja kwa wiki tatu. Mama mzima, miwani kifuani, sahani nyeupe mkononi, nainama, napiga nyasi kwa fimbo, natazama sahani, nasogea hatua mbili. Siku ya pili mlinzi akanifuata.

"Mama, shikamoo. Umepoteza kitu?"

"Marahaba. Hapana. Natafuta mdudu."

"Mdudu gani?"

"Simjui jina. Hajapewa."

Akanitazama, akatazama sahani. "Ukimaliza utuombee na sisi," akasema, akaenda kusimama mbali. Siku iliyofuata kulikuwa na mkutano wa dini, na watu watatu walinifuata na sahani zao.

Sikumpata hata mmoja. Nyasi za Mnazi Mmoja ni fupi, zimekanyagwa na mji mzima, na nilijua hivyo tangu siku ya kwanza. Nilikuwa natafuta mdudu mahali ambapo niliandika yupo, nikitumaini atanihurumia aje. Wiki ya nne nikaingia ofisini kwa Dokta Rehema nikafunga mlango, nikamweleza habari ya mbuzi.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Nimeshawaandikia watu kwamba ni Mnazi Mmoja."

"Waandikie tena."

"Nisemeje?"

"Sema fundi wako alidanganya."

Hakusema hivyo, alikuwa binti mwenye adabu. Aliandika kwamba mahali panahakikishwa. Kisha akaniambia jambo ambalo nililijua kabla hajalisema: bila mahali hakuna makala, na nikistaafu kabla hajapajua, kile kioo kitaingia kabatini na wengine wanaosubiri, na kabati lile mnalijua.

Nikamrudia muuza majani. Jina lake Mzee Kondo, Mzaramo wa hapahapa, amenizidi kama miaka kumi, mkavu, kofia ya kufuma kichwani na taulo shingoni. Ile taulo niliizoea baadaye. Kila baada ya dakika chache alikuwa akiisogeza na kujikuna.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbuzi hajambo?"

"Tulimla."

"Alhamdulillahi. Unataka mengine?"

"Nataka kujua unakata wapi."

Mzee Kondo akaanza kufunga kamba iliyokuwa imeshafungwa. "Kule," akasema, akaonyesha kwa kidevu. Upande ule kulikuwa na duka la simu.

Nikaona niseme ukweli wote, uongo ulikuwa umeshanigharimu. Nikamweleza kwamba kwenye majani yake kuna mdudu ambaye dunia haijamwandika, na kwamba nikipajua anapokaa lazima nipaandike kwa usahihi, hata mgeni akija aweze kusimama palepale.

"Umeona sasa," akasema. "Ndiyo maana sikwambii."

Alinieleza bila hasira. Zamani alikuwa na sehemu nyingine, akamwonyesha rafiki yake mmoja tu, mtu wa kuswali naye. Mwezi haukuisha, wakaja na mafyekeo kutoka kata tatu, mpaka mizizi ikaondoka. Akatafuta sehemu mpya, na hii hajamwonyesha hata mkewe. Kila siku anapita njia tofauti. Anafika Mnazi Mmoja akitokea upande ambao hakutoka.

"Watoto wangu wamesoma kwa yale majani," akasema. "Wewe una mdudu mmoja kwenye kioo."

Kwa tope jeusi la kwenye tairi zake nilikisia ni bonde la mto Msimbazi, lakini Msimbazi ni mrefu. Ningeweza kuandika Msimbazi tu na kunyamaza, na watu wa mbali wangekubali. Nilifikiria hata kumfuata. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa na magoti ya miaka themanini, baiskeli ingenipotea kona ya kwanza. Na hata ningeweza, nilishaandika mahali pa uongo mara moja, sikutaka mahali pa kuiba pawe pa pili.

Nilichofanya ni kuwa mteja. Kila Jumamosi nikanunua mzigo, nikaupeleka uani kwa Elisante, nikakung'uta. Mzigo wa kwanza, hakuna. Wa pili, majike wawili. Wa nne, dume, mdogo, wa njano, na niliogopa hata kupumua. Nikawaandikia lebo ndefu zenye neno mbuzi ndani yake bila aibu. Majani yaliyokung'utwa nikayarundika ukutani.

"Dada," Elisante akaniambia wiki ya sita, "hili ni duka la vyombo. Jana mteja kauliza tunauza nyasi kwa jumla au rejareja."

"Umemjibuje?"

"Nimemwambia amuulize mwenye nyasi. Anazeeka vibaya."

Jumamosi moja sikwenda, magoti yaligoma, na Mzee Kondo akaona mteja wake amekosekana. Akauliza duka, akaelekezwa, akaleta mzigo mwenyewe kwa baiskeli mpaka uani. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi. Alishusha mzigo, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama lundo la majani makavu lililofika dirishani.

"Mbuzi yuko wapi?"

"Mzee, nilikwambia tulimla."

"Sasa haya anakula nani?"

"Hakuna."

Hakuna kitu nilichowahi kumwambia mtu kikamuumiza vile. Alikaa kwenye benchi pembeni yangu. Alishika majani makavu akayasugua kati ya vidole yakawa unga.

"Mimi natoka alfajiri," akasema polepole. "Nachagua. Sikati kila kitu, nakata laini. Nalowesha njiani yasinyauke. Halafu wewe unayapiga kwenye sahani, unayaacha yafe."

"Naomba unisamehe."

"Wiki ngapi?"

"Saba."

Akajikuna shingo. Elisante alituchungulia kutoka dukani, akaona wazee wawili kwenye benchi wanatazama nyasi, akarudi zake.

"Kwa hiyo huyo mdudu unamtaka kiasi hicho," Mzee Kondo akasema.

"Ndiyo. Nastaafu mwezi wa sita. Nikiondoka kabla hajaandikwa, hataandikwa, na mimi nitakuwa sijaandikwa popote."

Alifikiri. "Hicho kitabu mtakachomwandika, kinasomwa na watu wangapi?"

Nilimjibu kwa uaminifu. "Watu wa thiripi wa nyasi, dunia nzima, wanaweza kukaa kwenye benchi hii. Wa mwisho atabana kidogo."

"Kuna anayefuga mbuzi?"

"Sidhani."

"Wa Kariakoo yupo?"

"Mimi."

"Kimeandikwa Kiswahili?"

"Kiingereza, na Kilatini humo ndani."

Mzee Kondo akasimama, akachukua lundo la majani makavu kadiri mikono yake ilivyoweza kubeba, akalifunga kwenye baiskeli. Alisema kuna mtu ana punda. Kisha akasema, "Jumatatu. Vaa viatu vya mvua. Uje na sahani yako, usije na watu."

Tukapita nyuma ya gereji moja, tukavuka mfereji kwa ubao, tukashuka. Palikuwa padogo kuliko nilivyodhani, kama viwanja viwili vya nyumba, kwenye kona ya mto ambapo ukuta wa gereji unakinga macho ya watu. Nyasi zilinifika kifuani, na masuke yake yalikuwa ya rangi ya zambarau. Nilimuuliza anaziitaje. Akasema hizi ni nzuri, zile ni zingine. Mtu wa mimea wa ofisi yetu alizipa jina baadaye, lakini kazi ya kuzitofautisha ilikuwa imeshafanyika.

Nikakung'uta mara moja tu. Sahani ikajaa. Majike, madume, na watoto wao wa manjano wasio na mabawa wakitembea juu ya sahani ya Elisante. Nililia kidogo. Mzee Kondo aliendelea kukata, alikuwa na wateja.

Nilipotoa simu kusoma vipimo vya mahali, alikuja kuangalia. Nikamwonyesha zile tarakimu.

"Kwa hiyo hapa ndiyo panaitwa hivi," akasema, akazitazama kwa muda. "Mimi nilikuwa napaita kwangu."

Mengine yote ni kazi ya kukaa, na hayana hadithi. Tulipima, tukachora, tukahesabu vinyweleo vya shingo mara tatu kila mmoja peke yake, kwa sababu watu wawili wakihesabu pamoja mmoja humfuata mwenzake. Tulichagua jike mmoja aliyetandazwa vizuri kuliko wote, anayesimama badala ya wenzake. Atakayebisha kuhusu spishi hii lazima aje kumwona yeye. Lebo yake ina mto, ukuta wa gereji, tarakimu, aina ya nyasi na majina ya waliokusanya, Kondo kwanza, mimi wa pili. Dokta alitaka mdudu apewe jina langu. Nikamkumbusha maneno ya Mzee Salehe, aliyekataza kumpa mdudu jina la mtu wa ofisini, maana mtu huhamishwa na mdudu hahamishiki. Nikapendekeza jina la Mzee Kondo. Alikataa mwenyewe. "Mdudu?" akasema. "Wajukuu wangu wataulizwa shuleni." Tukampa jina la mto.

Makala ilitoka miezi miwili baada ya mimi kustaafu, jina langu juu, la pili, limekamilika, na siyo Bwana. Elisante aliichapa akaibandika dukani juu ya majiko ya gesi. Wateja wanauliza kama ni dawa na kama inaua kweli. Naye anawaambia ni ya dada yake, basi.

Kile kioo cha kwanza bado kipo. Mkifungua boksi mtakikuta, mwandiko wangu, Mnazi Mmoja, kwenye nyasi, na chini yake lebo ya pili inayosema ya kwanza ni kosa na kosa ni la nani. Msiitoe ya kwanza. Lebo haitolewi, inajibiwa.

Mwaka uliofuata mashine zilishuka Msimbazi kupanua mto, ili mvua zisiendelee kuingia kwenye nyumba za watu. Siwezi kulaumu, nyumba za watu zilikuwa zinazama. Mzee Kondo alikuja dukani kwa miguu, bila baiskeli. Alikaa kwenye benchi akaniambia pamekwenda. Ukuta wa gereji, nyasi, kona yenyewe, mto sasa umenyooka. Niliumia, na sikumficha.

"Twende nikuonyeshe kitu," nikamwambia.

Tukapanda hadi maabara, ngazi ile mnayoijua, yeye na mimi tukipumzika kila ghorofa. Dokta Rehema akamtolea kioo mwenyewe. Mzee Kondo alifumba jicho, akafumba lingine, mwishoni akapata lililofaa. Alimtazama yule jike muda mrefu, mabawa yametandazwa, miguu kila mmoja upande wake. Mkono wake ukapanda taratibu shingoni.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Ndiye aliyekuwa ananiwasha miaka yote?"

"Huwa wanauma kidogo, mzee."

"Nilikuwa nalaumu majani," akasema.

Akaniomba nimsomee lebo. Nikamsomea yote, mto, ukuta, tarakimu, nyasi, Kondo. Akauliza sasa itabadilishwaje, kwa kuwa mahali hapapo. Nikamwambia haibadilishwi. Itaendelea kusema wapo pale. Ikisomwa na mtu ambaye hajazaliwa, atavaa viatu, ataenda, atasimama palepale.

"Na hatakuta kitu."

"Labda atawakuta kwingine, ng'ambo au juu ya mto. Hawa vijana wetu wanatafuta."

Nilisema hivyo na ninyi ndio niliowasema, kwa hiyo chukueni sahani mwende. Mpaka leo hakuna aliyeleta hata mmoja.

Mzee Kondo alivaa kofia yake. Alisema alipaficha miaka ishirini, na sasa pameandikwa kila mtu apajue. Hakusema kwa uchungu, alikuwa kama anahakikisha amenielewa. Tulishuka ngazi. Kwenye ghorofa ya pili akasimama kupumzika, akaanza kujikuna shingo, na mimi nikamwambia hakuna mdudu hapo, mzee, una mwezi mzima hujakata majani.

"Najua," akasema, na akaendelea kujikuna.